Mikanda ya Mwili wa Mtu Mwingine

Mume wangu hajawahi kunipiga. Nalitanguliza hilo hata kabla ya salamu, kwa sababu kwetu Newala mpaka leo wapo watu wanaoniangalia miguu kwanza, halafu uso, halafu wanamtafuta yeye kwa macho waone kasimama wapi. Waangalie tu. Alama walizosimuliwa ni zangu, nilizipata nikiwa na akili timamu, tena kwa hiari yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilijifunzia Masasi, kwenye baraza ya duka la vitambaa, na hapohapo ndipo kijana mmoja wa Lisekese alipokuwa akileta suruali ileile ipunguzwe kiuno, mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mpaka nikamwambia kiuno chake hakina tatizo, aseme anachotaka. Akasema. Tulipooana alipata kazi ya upishi hotelini, huko pwani ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi, nami nikamfuata na cherehani yangu nimeifunga kwa shuka. Jirani na hoteli kulikuwa na uwanja mdogo wa ndege ambako watu hupanda juu, wakaruka, wakashuka kwa mwamvuli. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwashonea mifuko na maturubai. Nilikwenda kwa kazi ya wiki mbili. Mwaka wa tatu nikawa nakunja miamvuli yenyewe.

Kukunja mwamvuli ni kazi ya magoti. Unautandaza kwenye mkeka mrefu, unazinyoosha kamba, unapanga kitambaa mkunjo juu ya mkunjo, unautoa upepo kwa kuulalia na kifua, halafu unausukumiza ndani ya mfuko ambao ukiutazama unaapa hautaingia. Ukiukunja ovyo hufunguka kwa kishindo, na aliyeuvaa hushtuliwa kama mbuzi aliyekimbia mpaka mwisho wa kamba. Niliyokunja mimi haikushtua mtu. Wageni walikuwa wakishuka wanauliza nani kaukunja huu, na mimi nipo chini pale kwenye mkeka, magoti yameota sugu, nawapungia mkono.

Siku moja nikachoka kupunga. Mimi nimekulia ukingoni mwa uwanda wa juu. Asubuhi za baridi mawingu hukaa chini yetu, bonde la Ruvuma lote limefunikwa, na tulipokuwa watoto tulikuwa tukisimama pale tukibishana kama mtu akijirusha mawingu yatamdaka. Mimi ndiye niliyekuwa nasema yatamdaka. Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, alinisikia siku moja akanivuta sikio kutoka ukingoni mpaka nyumbani, na njia si fupi. Kwa hiyo wazo halikuanza pwani. Lilikuwepo, lilikuwa linasubiri ndege.

Nilipomwambia mume wangu nataka kujifunza kuruka, alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

"Utakula kabla au baada?" akauliza.

"Baada."

"Basi nitakuwekea."

Nilimpenda upya. Nikamwapisha jambo moja tu, kwamba nyumbani wasijue. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ya mwisho ni mjomba. Mjomba wangu akikataza jambo, limekatazwa mpaka kwa watakaozaliwa. Mume wangu akaapa kwamba mdomo wake hautafunguka mpaka niufungue mimi.

Sasa mikanda. Watu hudhani kinachoumiza ni kutua. Kutua nilijifunza upesi. Kinachoacha alama ni pale mwamvuli unapofunguka: ulikuwa unaanguka, ghafla unashikwa, na uzito wako wote pamoja na kasi yako yote vinaishia kwenye mikanda miwili inayozunguka mapaja. Mkanda wa kifua haubebi mtu, kazi yake ni kuzuia mabega yasichomoke. Inayobeba ni ya mapajani. Ikikaa juu kabisa, kwenye maungio ya paja, na kubana sawasawa pande zote mbili, inakupokea kama kiti. Ikilegea inakimbia juu kwa kishindo na kukung'ata. Mmoja ukilegea kuliko mwenzake, ule uliobana unabeba mzigo wa yote miwili. Ndiyo maana ukishajifunga wima, unachuchumaa, unasikia wapi pamelegea, unabana tena.

Nilichuchumaa sana, haikusaidia. Mikanda niliyopewa ilipimwa kwenye mwili wa mwanamume, tena mwanamume aliyeshiba. Nikiivuta mpaka mwisho, bado ngumi yangu ilipita katikati, na mkanda wa mgongoni ulining'inia makalioni. Mikono iliniwasha kuipunguza. Mwalimu wangu wa kuruka aliyaona macho yangu akanionya: mikanda ya angani haiguswi na fundi wa suruali, ina mafundi wake wenye vyeti, nisubiri midogo iletwe. Alikuwa na haki na nikameza mate. Lakini kusubiri kuruka sikusubiri. Hali ya hewa ilikuwa safi, likizo ilikuwa inakaribia, na wiki ile niliruka mara tano, nikabakiza miruko mitatu tu nipate cheti cha kuruka peke yangu.

Jioni nilijitazama kwenye kioo. Kila paja, upande wa ndani, lilikuwa na ukanda mweusi unaoelekea zambarau, umepanda mpaka nyongani, wa kushoto mpana kuliko wa kulia. Kwapani mistari miwili. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeshona nguo za watu miaka yote hiyo, za harusi, za msiba, sare za shule, na sikuwahi kuvaa kitu nilichokitafuta mwenyewe namna ile.

Tulisafiri mwezi wa saba, kama kila mwaka, kwa sababu ndio msimu wa kupulizia mikorosho na mama mdogo anahitaji mikono. Mume wangu alishukia Masasi akaenda kuwaona wazazi wake Lisekese, mimi nikaunganisha gari la kupanda mlima. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Maji kwetu si ya kuchezea, ndoo moja ni ndoo moja, kwa hiyo mama mdogo aliingia bafuni na kata yake anipimie maji kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. Nilisahau. Nilivua kanga kabla sijakumbuka nina nini mapajani.

Kata ikabaki hewani.

"Hii nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwona mjomba akilini, nikaona cheti changu kinaniponyoka, nikasema neno la kwanza lililokuja.

"Nilianguka."

"Ulianguka," alirudia, polepole. Akanimwagia maji yote yaliyobaki mara moja, yeye asiyepoteza hata kikombe, akatoka.

Ningekuwa na akili ningejua papo hapo nimesema nini. Kila mwanamke aliyewahi kuvimba jicho pale mtaani aliwahi kusema ameanguka. Wapo walioanguka mpaka wakazikwa. Mama mdogo alikuwa amewasikia wengi, na mara hii aliamua hatakubali neno hilo likae kwake usiku wa pili.

Asubuhi nilimkuta mjomba sebuleni, amevaa kofia ya vikao. Mume wangu alikuwa ameshapigiwa simu. Adhuhuri akaingia, vumbi la njia nzima begani, mkononi mfuko wa mchele wa Masasi aliotumwa na mama yake. Akainama mlangoni.

"Shikamoo mjomba."

Mjomba akatazama ukuta.

Kama hujakulia kwetu huwezi kujua jambo lile lina uzito gani. Hata adui, hata mwizi aliyefungwa kamba, akikuamkia unaitikia. Mume wangu alisubiri akiwa ameinama, halafu akanyooka taratibu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, mchele mapajani. Nilitamani kulia na nilitamani kupindua meza, na nilipoteza muda nikichagua.

"Mkwe," mjomba alisema, "sisi tulikupa mtoto mzima. Hana kovu, hana kilema. Leo anarudi ana rangi mbili. Tuambie, kwenu Lisekese wake hufungwa kamba?"

Mume wangu alimtazama mjomba, akamtazama mama mdogo, akanitazama mimi. Ningemlaumu nani kama angesema? Mwanamume anaitwa mnyama mbele ya wakwe zake, na maneno ya kujiokoa yapo mdomoni, tena ya kweli. Hakuyatoa.

"Mwulizeni mwenyewe, mjomba," alisema. "Akinena yeye, na mimi nimenena."

"Anaogopa kunena!" mjomba akapaza sauti. "Basi mimi nasema. Mpwa wangu anabaki hapa. Wewe utarudi huko pwani peke yako, mpaka wazee wako waje wakae pale ulipokaa."

Nikasimama. Sikupanga.

"Sibaki, mjomba. Na hajanigusa. Mimi naruka kutoka kwenye ndege."

Nilieleza yote. Mkeka, mwamvuli, mikanda, mapaja, miruko mitano. Nilieleza vizuri, nadhani, maana nilikuwa na hasira na nikikasirika huwa nanyooka. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akatikisa kichwa, kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko kelele zake.

"Wenzako huwa wanaanguka bafuni," alisema. "Wewe umeanguka kutoka mbinguni. Amekutisha kiasi hicho?"

Nikatoa simu nikamwonyesha picha inayotembea: mtu mlangoni mwa ndege, kofia ngumu, miwani mikubwa, ovaroli imevimba kwa upepo, anaachia. Mjomba aliitazama mara mbili, simu ameiweka mbali na macho.

"Huyu ni nani?"

"Mimi."

"Huyu hata akiwa jini siwezi kumjua."

Nikachungulia tena na mimi. Kweli, angeweza kuwa mtu yeyote. Nikaona jinsi itakavyokuwa: mume wangu anashuka mlima na mchele wake, jina lake limeshaharibika kabla ya gari kufika Masasi, na mimi nimebaki hapa nikiwa nimeokolewa.

Kwenye kona ya sebule, karibu na mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, ilikuwepo mashine ya kupulizia. Kila nyumba yenye mikorosho ya maana inaijua: injini na tangi la unga wa salfa, unavibeba mgongoni, bomba mkononi, unatembea chini ya miti ukiwa umefunikwa na wingu la njano. Niliifuata nikaivaa. Ilinunuliwa kuukuu, vifungio vya mikanda yake vimeshavunjika, na siku ilipoletwa mjomba aliijaribu, akafunga mafundo kwa kipimo chake, basi. Hakuivaa tena tangu siku hiyo. Mpuliziaji ni mama mdogo, na mama mdogo ni mfupi kuliko mimi. Mashine ilinishuka mpaka makalioni, ikanivuta nyuma.

"Angalia," nilimwambia mjomba. "Mikanda imepimwa kwako, mimi ndiye niliyevaa. Nikiruka hivi," nikaruka, hapo hapo sebuleni, nikatua kwa kishindo, "inaniuma wapi?"

"Michezo," mjomba alisema.

Lakini mama mdogo alikuwa amenyanyuka.

"Vua hiyo," aliniambia. "Njoo ndani."

Chumbani alifunga mlango akanifanya nisimame karibu na dirisha. Safari hii hakuziogopa zile alama. Aliweka vidole viwili juu ya ukanda wa paja la kushoto, akavisogeza kuufuata, kutoka chini mpaka nyongani, kisha paja la kulia. Kila ukanda ulikuwa na upana uleule njia nzima. Ukingo wa juu umenyooka, wa chini umenyooka. Halafu akafungua vifungo vya gauni lake, akaliteremsha begani, akaligeuza bega lake dirishani.

Nilikuwa nimeishi na yule mwanamke karibu maisha yangu yote. Begani alikuwa na ukanda mweusi, na chini ya mweusi ukanda wa njano wa wiki iliyopita, na chini ya njano ngozi iliyokuwa ngumu kama kisigino. Kiunoni, tangi linapogonga, palikuwa vilevile. Alichukua mkono wangu akaweka vidole vyangu viwili pale. Upana uleule, kingo zilezile zilizonyooka.

"Mkono wa mtu unaacha vidole," alisema, kama anayezungumza na nguo. "Fimbo inaacha mstari. Huu ni mkanda unaobeba." Akafunga gauni. "Na wewe mwongo mkubwa. Nilianguka, nilianguka. Unajua nimelalaje?"

"Nisamehe, mama."

"Kutoka kwenye ndege?"

"Kutoka kwenye ndege."

Akanivuta sikio, si kwa nguvu sana, akatoka mbele yangu.

Sebuleni mume wangu alikuwa bado amekumbatia mchele. Mama mdogo hakutoa maelezo. Alisimama katikati ya chumba.

"Kaka," alisema, "mwitikie mkwe shikamoo yake."

Nje jirani alikuwa anawasha mashine yake, ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena.

"Marahaba," mjomba alisema hatimaye. Mume wangu akainama kuitikia, akaweka mchele chini.

Ningeweza kuishia hapo nikashukuru. Tena nashukuru, nisieleweke vibaya. Wapo wanawake ambao wangetoa kila kitu ili mjomba wao avae kofia na kuita kikao kwa ajili yao, na mimi nimeitiwa bila kuomba. Lakini mjomba hakuweza kuondoka mikono mitupu.

"Mume amepona," alisema. "Lakini hiyo kazi ya kujirusha mwisho wake leo. Mwanamke hawezi kutembea na mwili wenye weusi watu wakasema."

"Mjomba," nilisema, "mama mdogo ana weusi kama wangu tangu mashine hii iingie humu. Kikao chake kilikuwa lini?"

Mama mdogo akasema nyamaza, lakini alisema taratibu.

"Ile ni kazi," mjomba alisema.

"Na hii ni yangu. Nitaruka. Nimebakiza mitatu, nitaimaliza, na baada ya hapo nitahesabu mingine. Ukitaka kunikataza nikataze, ila nimeshakwambia mbele ya watu."

Hakunikataza, hakuniruhusu. Alivua kofia akaikagua ndani. Hatukujua kama kikao kimekwisha, kwa hiyo mume wangu akaenda jikoni kupika ule mchele.

Mimi nikachukua futi kamba kwenye mkoba. Nilimsimamisha mama mdogo barazani, nikampima kutoka begani mpaka kiunoni, mbele na nyuma, mzunguko wa kifua, upana wa mabega, kama bibi harusi. Hii haikuwa mikanda ya angani, haikuhitaji cheti cha mtu. Nilikata mafundo ya mjomba yote kwa mkasi. Nikashona upya kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa nailoni, nikaweka matakia ya gunia na kanga kuukuu kwenye mabega, na nikaongeza mkanda wa kiunoni ili mzigo ukae kwenye nyonga, mabega yapumue. Mama mdogo aliivaa, akachuchumaa nilivyomwelekeza, nikabana tena. Akatembea mpaka kwenye mkorosho wa kwanza na kurudi.

"Haipo," alisema. Alikuwa na maana kwamba haisikii mgongoni.

Mjomba alikuwa ametusogelea.

"Na mimi nikitaka kupulizia, nitavaaje hiyo?"

"Utaivaa kama nilivyokuwa nikiivaa mimi," mama mdogo alimjibu.

Tulirudi pwani wiki mbili baadaye. Mikanda midogo ilikuwa imefika. Niliivaa, nikachuchumaa, nikabana kulia, nikabana kushoto, ngumi haikupita, hata kidole kilipita kwa shida. Mwamvuli nilikuwa nimeukunja mwenyewe. Ulipofunguka ulininyanyua kama mtu anayeniinua nikiwa nimekaa, na jioni kwenye kioo mapaja yangu yalikuwa na rangi yake ya kuzaliwa. Nilikaribia kusikitika. Mume wangu alikuwa ameniwekea chakula.

Siku niliyopata cheti nilimpigia mama mdogo. Alipiga kigelegele kifupi, akidhani jirani hatasikia, kisha akashusha sauti. Alitaka kunisimulia habari ya mjomba. Asubuhi moja mama mdogo alikuwa na homa, mikorosho ikawa inasubiri, na mjomba akasema kuna nini, akaitundika mashine mgongoni, na mikanda yangu ile mifupi. Alipulizia miti sita. Jioni alipovua shati uani ili anawe, majirani wamekaa barazani, alikuwa na mistari miwili myekundu kutoka begani mpaka kwapani, imenyooka kama imepigwa rula.

"Nikamwuliza mbele ya watu wote," mama mdogo alisema, na nilimsikia anazuia kicheko. "Kaka, nani kakupiga?"

"Akasema nini?"

"Kasema ameanguka."